Nyama Bila Kuchinja: Hoja za Wavegani na Ng'ombe wa Nzega

UTANGULIZI

Siku ya mnada katika wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, ng'ombe huanza kuwasili kabla jua halijawa kali. Wafugaji huswaga makundi yao kutoka vijijini, wachuuzi huwapapasa wanyama mgongoni na mbavuni ili kukisia unene, na jioni malori huondoka yakiwa yamejaa. Miongoni mwa ng'ombe hao wamo majike wenye mimba. Pengine muuzaji anajua. Mnunuzi mara nyingi hajui. Baada ya siku chache ng'ombe huyo huchinjwa, na mchinjaji apasuapo tumbo hukuta kijusi. Kijusi hicho hutupwa.

Mbali na Nzega, katika machinjio makubwa ya nchi zenye viwanda vya nyama, kijusi cha namna hiyo hakitupwi. Damu yake hukusanywa, husafishwa na kuuzwa kwa bei kubwa kwa maabara za sayansi. Kwa miaka mingi majimaji yanayotokana na damu hiyo ndiyo yaliyolisha seli zilizokuzwa ili mwanadamu apate nyama bila kumchinja ng'ombe.

Jambo hili lina kinaya, na kinaya hicho kimezusha mjadala mkubwa miongoni mwa watu wasiotumia kabisa mazao ya wanyama. Je, nyama iliyokuzwa maabarani ni chakula ambacho mtu wa namna hiyo anaweza kukila kwa dhamiri safi? Makala hii inakusudia kueleza jinsi nyama hiyo inavyopatikana, hoja zinazotolewa na pande mbalimbali, na kwa nini mjadala unaoonekana kuwa wa watu wa mbali unamhusu pia mfugaji wa Unyamwezi.

WAVEGANI NI WATU GANI?

Afrika ya Mashariki imewazoea wala-mboga kwa muda mrefu. Wahindu wengi na Wajaini waliokaa mijini kwa vizazi kadhaa hawali nyama. Hali kadhalika baadhi ya Waadventista Wasabato na Warasta wengi. Lakini wala-mboga walio wengi hunywa maziwa, na baadhi yao hula mayai. Wavegani huenda mbali zaidi: hawali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, na huepuka pia ngozi, sufu na vitu vingine vitokanavyo na wanyama.

Wazo hilo si geni katika historia. Mshairi wa Shamu, Abul Ala al-Maarri, aliyezaliwa mwaka 973, aliacha nyama, maziwa, mayai na asali, akiona kuwa kuvichukua ni kuwadhulumu viumbe wenye navyo. Jina "vegan" lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, wakati Donald Watson, mwalimu wa useremala, na wenzake wachache walipoanzisha chama chao.

Msingi wa imani ya chama hicho una sehemu mbili ambazo hazina budi kukumbukwa katika mjadala wote unaofuata. Kwanza, kinachokataliwa si ukatili peke yake, bali pia kumfanya mnyama kuwa chombo cha kumtumikia mwanadamu. Pili, katazo hilo linashikwa kwa kadiri inavyowezekana na kutendeka. Kwa hiyo mveganí mgonjwa hatakiwi kukataa dawa inayookoa maisha yake kwa sababu tu ilijaribiwa kwa wanyama.

Mwenyeji wa Nzega akisikia habari za chakula cha wavegani huenda akadhani ni cha ajabu, ilhali sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe ni cha mimea. Ugali wa mahindi au mtama, kunde, choroko, karanga, mlenda, pamoja na matobolwa na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa kwa ajili ya miezi ya njaa, ndivyo vinavyojaza sahani siku nyingi za mwaka. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Tabora na pwani katika karne ya 19 walipewa posho ya nafaka. Nyama ilikuwa bahati ya siku moja moja. Tofauti ni kwamba mwenyeji huyu hukosa nyama kwa sababu haipo, na mveganí huiacha hata inapokuwapo.

JINSI NYAMA INAVYOKUZWA MAABARANI

Msuli wa mnyama una seli nyingi zilizokwisha komaa, lakini pembezoni mwake zimo seli chache zilizolala. Kazi yake ni kuamka pindi msuli unapojeruhiwa, kuzaana, na kuziba jeraha. Wataalamu hutumia tabia hiyo. Ng'ombe hutiwa ganzi, kipande kidogo cha msuli hukatwa, na zile seli hutengwa na kuwekwa katika chombo kisicho na vijidudu, chenye joto linalolingana na la mwili wa ng'ombe. Humo huogelea katika maji ya lishe yenye sukari, chumvi, vitamini na asidi-amino, ambazo ndizo matofali ya protini.

Seli moja hugawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Baada ya migawanyiko 20 seli moja huwa imezaa zaidi ya milioni moja. Zikishakuwa nyingi vya kutosha, lishe hubadilishwa, nazo huacha kuzaana, huungana na kuwa nyuzi za msuli. Nyuzi hizo zikikusanywa ndiyo nyama yenyewe. Kwa kuwa seli zilizo nje ya mwili hazina kinga, kijidudu kimoja kikipenya kinaweza kuharibu tangi zima; ndiyo maana usafi wa hali ya juu unahitajika, nao ni ghali.

Ufundi wa kukuza seli za ng'ombe ndani ya chupa una historia ndefu katika Afrika ya Mashariki. Katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walipitisha virusi vya sotoka mara nyingi mfululizo katika seli za figo za ndama, mpaka virusi hivyo vikapoteza makali yake. Chanjo waliyoipata mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitumika barani kote, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa sotoka imetoweka duniani. Ugonjwa huo ndio uliofagia mifugo ya Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuleta njaa kuu. Katika kituo hicho hicho, mwaka 1970, seli za ng'ombe zenye vimelea vya ndigana kali zilikuzwa kwa mafanikio. Figo zile zilitoka kwa ndama waliochinjwa. Ndama wachache walikufa, na mamilioni ya ng'ombe wakapona. Hesabu ya namna hiyo itarejea tena katika hoja za wavegani.

Hatua ya kutoka chanjo hadi chakula ilionekana hadharani tarehe 5 Agosti 2013 mjini London. Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, alikaangisha mbele ya waandishi wa habari chapuo la nyama ya kusaga lililotengenezwa kwa nyuzi za msuli zipatazo 20,000. Kazi hiyo iligharimu takriban Euro 250,000. Mwaka 2020 Singapore ilikuwa nchi ya kwanza kuruhusu kuuzwa kwa kuku wa maabara. Marekani ilifuata mwaka 2023. Nchi nyingine zilishika njia tofauti. Italia ilipiga marufuku nyama hiyo mwaka 2023, na jimbo la Florida likafanya vivyo hivyo mwaka 2024, hasa kwa nia ya kuwalinda wafugaji wao.

KIJUSI NDANI YA CHUPA

Sukari na chumvi peke yake hazitoshi kuzifanya seli zizaane. Zinahitaji pia vichocheo vya ukuaji, yaani protini ambazo katika mwili hai huletwa na damu. Chanzo rahisi cha vichocheo hivyo kilichotumika katika maabara duniani kwa miongo mingi ni seramu ya kijusi cha ng'ombe. Seramu ni majimaji ya rangi ya manjano yanayobaki damu ikishaganda. Damu ya kijusi huthaminiwa kuliko ya ng'ombe mzima, kwa sababu ina vichocheo vingi na kingamwili chache.

Namna inavyopatikana ni kama ifuatavyo. Ng'ombe mwenye mimba huchinjwa na mfuko wa uzazi hutolewa. Kisha sindano huchomwa katika moyo wa kijusi na damu kufyonzwa. Kijusi cha miezi 3 hutoa takriban mililita 150 za seramu ghafi, cha miezi 6 takriban mililita 350, na kilichokaribia kuzaliwa takriban mililita 550. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama kijusi huhisi maumivu katika hali hiyo. Wengi wamekubali kwamba ni busara kuchukulia kuwa huenda kinahisi.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Maji ya lishe ya kawaida huwa na seramu asilimia 10 au zaidi. Kwa kipimo hicho, seramu yote ya kijusi kimoja cha miezi 3 hutosheleza lita moja na nusu tu ya maji ya lishe. Kiwanda cha kulisha mji kingehitaji maelfu ya lita, na kwa hiyo maelfu ya vijusi na mama zao. Nyama ambayo ingepatikana kwa njia hiyo isingeweza kuitwa nyama bila kuchinja. Chapuo la London lenyewe lilikuzwa kwa seramu hiyo, tena lilichanganywa na unga wa mayai.

Watengenezaji walilitambua jambo hilo, kwa sababu ya bei na kwa sababu ya maadili. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni aliyoshiriki Post kuiasisi walichapisha njia ya kuzikomaza seli za msuli bila seramu, na mwaka 2023 Singapore iliidhinisha kuku aliyekuzwa katika lishe isiyo na seramu. Badala ya damu, vichocheo vinavyohitajika hutengenezwa na hamira au bakteria waliopandikizwa jeni husika. Hata hivyo maarifa ambayo njia hizo mpya zimejengwa juu yake yalipatikana kwa miaka mingi ya kutumia seramu ya vijusi.

HOJA ZA WAVEGANI

Wavegani wenyewe hawana kauli moja. Hoja zao zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza hupima tendo kwa matokeo yake. Mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ukombozi wa wanyama, alisisitiza kuwa jambo la msingi ni uwezo wa kiumbe kuteseka. Kwa fikra hiyo, ikiwa kipande kidogo cha msuli kilichokatwa kwa ganzi kinaweza kuchukua nafasi ya maelfu ya wanyama waliofungiwa katika viwanda vya nyama, basi kukikataa ni kuruhusu mateso yanayoweza kuepukwa. Mwaka 2013 Singer aliandika kwamba, ingawa alikuwa hajala nyama kwa miaka 40, angekuwa radhi kuionja nyama hiyo. Shirika la kutetea wanyama la PETA lilikwisha kutangaza mwaka 2008 zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeweza kuuza kuku wa maabara. Muda uliowekwa ulipita bila mshindi kupatikana.

Kundi la pili hutazama haki na heshima ya mnyama kabla ya kuhesabu matokeo. Mmarekani Tom Regan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alieleza kuwa mnyama ni mwenye maisha yake mwenyewe, wala si chombo cha maisha ya mwingine. Anayeifuata fikra hiyo huuliza: nani alimwomba ng'ombe ruhusa ya kukata msuli wake? Seli zilizotwaliwa moja kwa moja kutoka mwilini huchoka baada ya migawanyiko kadhaa, hivyo baadhi ya watengenezaji hulazimika kurudi kwa ng'ombe mara kwa mara. Litakuwapo basi kundi la ng'ombe waliowekwa kwa kazi ya kukatwa, hata kama ni dogo. Chama cha Wavegani cha Uingereza kimeeleza kuwa nyama ya maabara haiwezi kupewa alama yake, kwa kuwa wanyama bado wanatumiwa katika kuitengeneza.

Ndani ya kundi hilo imo hoja ya ndani zaidi. Wapo wasemao kuwa, hata kama hakuna mnyama hata mmoja atakayeguswa tena, kula nyama hiyo kunaendeleza wazo kwamba mwili wa mnyama ni chakula. Msomaji wa Kiafrika anaweza kuielewa hoja hiyo kwa urahisi kwa kutazama mwiko. Katika makabila mengi ya Tanzania zipo koo zisizokula mnyama fulani. Mtu wa ukoo huo hatamla mnyama wake wa mwiko hata akikuta amekufa mwenyewe porini, wala hatatuliza moyo wake kwa kuambiwa kuwa hakuna aliyemuua. Kinacholindwa na mwiko ni uhusiano kati ya ukoo na mnyama yule. Vivyo hivyo, seli za binadamu nazo zinaweza kukuzwa chupani bila kumwumiza mtu yeyote. Lakini watu wengi wangekataa kuzila. Mveganí wa kundi hili huuliza kwa nini heshima hiyo iishie kwa binadamu.

Kundi la tatu linasimama katikati. Husema: nyama ya maabara si chakula chetu, wala hatuihitaji, lakini haikutengenezwa kwa ajili yetu. Imekusudiwa mtu asiyeweza kuacha nyama. Kwa hiyo mveganí anaweza kuikataa mezani kwake na bado akatamani ifanikiwe sokoni. Wapinzani wao hujibu kuwa maharage, karanga na kunde tayari vina protini, vinaota shambani kwa mvua na jua, na havihitaji tangi la chuma wala umeme usiokatika. Fedha nyingi zinazotumika katika maabara, wasema hao, zingefika mbali zaidi katika kuboresha mazao ya jamii ya kunde.

Jambo moja la kisayansi linapaswa kuongezwa hapa kwa haki ya pande zote. Mimea haina vitamini B12 ya kutegemewa, na mtu asiyetumia kabisa mazao ya wanyama hana budi kuipata kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Lakini nyama ya maabara haitatui tatizo hilo yenyewe. B12 hutengenezwa na bakteria, si na seli za msuli. Isipotiwa katika lishe, haitakuwamo katika nyama.

MUISLAMU NA MVEGANÍ

Tabora, ambako Uislamu uliingia pamoja na misafara ya biashara, swali la nyama huambatana na swali la uhalali. Hapa panatokea jambo la kustaajabisha. Katika sharia ya Kiislamu, kipande kilichokatwa kutoka kwa mnyama aliye hai huhesabiwa kuwa mzoga. Kwa sababu hiyo, wanazuoni walioombwa maoni na kampuni moja ya Marekani mwaka 2023 walieleza kuwa nyama ya maabara inaweza kuwa halali iwapo, pamoja na masharti mengine, seli zake zimetoka kwa mnyama aliyechinjwa kisharia. Mveganí anataka kinyume chake: ikiwa seli hazina budi kutwaliwa, basi zitwaliwe bila kuua.

Lakini kuhusu seramu wawili hao hukutana. Muislamu huikataa kwa kuwa damu imeharamishwa, na mveganí huikataa kwa ajili ya kijusi na mama yake. Inaonekana basi kuwa watu wanaweza kufika mahali pamoja kwa njia mbili, na kwamba mtengenezaji anayetaka kuwaridhisha wote hawezi kutegemea ufundi peke yake.

FUNZO LA PEMBE ZA NDOVU

Je, kitu cha kubuni kikipatikana, mnyama husalimika? Nchi ya Unyamwezi inalo jibu katika historia yake. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea hadi Ujiji, na tawi lake likaelekea kaskazini, Ziwa Viktoria, kupitia nchi ambayo ndani yake imo Nzega ya leo. Bidhaa kubwa iliyobebwa mabegani ilikuwa pembe za ndovu. Zilipofika Ulaya na Marekani ziligeuzwa kuwa vitana, vibao vya piano na mipira ya mchezo wa biliadi. Mchezaji aliyeupiga mpira ule hakumwona ndovu wala mpagazi.

Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kutengenezea mipira hiyo badala ya pembe. Kutokana na jitihada hizo John Wesley Hyatt alipata seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo. Seluloidi ilitwaa soko la vitana na mipini ya visu. Lakini haikumwokoa ndovu. Misafara ya pembe iliendelea kupita Tabora katika miaka ya 1870 na 1880, na uwindaji haramu ulikuwa bado umepamba moto miaka 100 baadaye. Hatua kubwa ilichukuliwa mwaka 1989, mataifa yalipokubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliotoa pendekezo hilo, na mwaka huo huo iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili. Hata baada ya hapo ujangili ulirudi kwa nguvu, na ndovu wa Tanzania wakapungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014.

Wavegani wa kundi la pili wanaweza kulitumia funzo hili kama hoja yao: kibadala hupunguza haja, lakini hakibadilishi moyo wala hakiwi badala ya sheria. Wale wa kundi la kwanza wanaweza kujibu kuwa bila kibadala sheria yenyewe isingekubalika. Historia inaelekea kuonyesha kuwa vyote viwili vinahitajiana.

NG'OMBE WA NZEGA SI NYAMA TU

Hoja nyingi za wavegani zilizaliwa katika nchi ambamo kuku hufungiwa katika vizimba na ng'ombe hunenepeshwa kwa maelfu katika uwanja mmoja. Ng'ombe wa Nzega huishi maisha mengine. Huchunga malishoni, na wakati wa kiangazi baadhi yao hutegemea ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa makusudi. Maksai hukokota plau na mkokoteni, samadi hurutubisha shamba, maziwa hulisha mtoto, na ng'ombe mmoja akiuzwa hulipa gharama za shule au matibabu. Ng'ombe hutolewa mahari na kuunganisha koo mbili. Maabara inaweza kutoa nyama. Haiwezi kutoa plau, samadi wala mahari.

Kwa hiyo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kudhani kwamba nyama ya maabara ikishuka bei itakuwa ni baraka kwa kila mtu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na kaya nyingi zina akiba yao yote zizini. Soko la nyama likianguka, atakayeumia kwanza si mwenye kiwanda. Mveganí anayesema kwa haki hana budi kumhesabu na mtu huyo katika hesabu zake za mateso.

Hatari ya pili ni mfugaji kujiona kuwa, kwa kuwa ng'ombe wake hawakufungiwa, basi swali la mveganí halimgusi. Ng'ombe aliyesimama lorini siku nzima bila maji, aliyekunjwa mkia ili ainuke, au aliyechinjwa mbele ya wenzake, anateseka vilevile. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 imeweka masharti kuhusu namna wanyama wanavyotunzwa, wanavyosafirishwa na wanavyochinjwa. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wavegani, bali kwa ajili ya wanaofuga na wanaokula.

Na hapa inafaa kumrudia yule jike mwenye mimba wa mnadani. Huuzwa kwa sababu kiangazi kimebana, kwa sababu mimba humfanya aonekane mnene na kupata bei, au kwa sababu hakuna aliyempima. Bwana mifugo mwenye ujuzi anaweza kutambua mimba kwa kupapasa kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa, kuanzia mwezi wa pili au wa tatu, ilhali mimba ya ng'ombe huchukua takriban miezi 9. Kipimo hicho hakihitaji maabara. Kingempunguzia mfugaji hasara ya kuuza ng'ombe wawili kwa bei ya mmoja, na kingemwepusha mchinjaji na tendo ambalo wachinjaji wengi hawalipendi. Hakuna haja ya kuwa mveganí ili kukubali kuwa hasara hiyo na ukatili huo havina faida kwa yeyote.

HITIMISHO

Nyama ya maabara haikulifuta swali la maadili. Imelihamisha kutoka kwenye kisu hadi kwenye chupa. Ndiyo maana wavegani hawakubaliani juu yake. Anayetazama sahani peke yake ataona nyama isiyo na damu. Anayefuata njia nyuma, kituo hadi kituo, kama msafara unaorudi ulikotoka, atakuta seli iliyokatwa kwa mnyama na, kwa miaka mingi, kijusi kilichochomwa sindano moyoni.

Maswali matatu yanatosha kukipima chakula chochote kinachosifiwa kuwa hakina dhuluma: mbegu yake ilitoka wapi, ililishwa nini, na ni nani aliyepata hasara ili kipatikane. Maswali hayo yanaihusu nyama ya Maastricht na Singapore. Yanaihusu pia nyama inayoning'inia buchani Nzega.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Eleza kwa nini seli zilizo nje ya mwili huhitaji vichocheo vya ukuaji, na kwa nini seramu ya kijusi ilitumika kwa muda mrefu.

2. Ikiwa maji ya lishe yana seramu asilimia 10, kijusi cha miezi 6 kinatosheleza lita ngapi? Ikiwa kipimo ni asilimia 20, je?

3. Linganisha mwiko wa koo na hoja ya wavegani wanaokataa hata nyama isiyomwumiza mnyama. Vinafanana wapi na kutofautiana wapi?

4. Ndama waliotumika Muguga kwa ajili ya chanjo ya sotoka na vijusi vinavyotumika kwa ajili ya nyama: je, hukumu ya matendo hayo mawili iwe moja? Toa sababu.

5. Katika kijiji chako, ni hatua gani zinaweza kuchukuliwa ili ng'ombe wenye mimba wasipelekwe machinjioni?